Vigae vya Mtaa Wetu

Udongo wa kufinyanga haubembelezwi. Unapigwa. Unauinua juu ya kichwa, unaubamiza mezani, pa! unaugeuza, unaubamiza tena, mpaka hewa yote iliyojificha tumboni mwake itoke, maana hewa ikibaki, kigae kitapasukia motoni na kuvunja na vya jirani visivyo na hatia. Ndiyo maana watoto wa Bi Udongo walilipenda somo lake kupita hata kengele ya kwenda nyumbani. Niambie, wapi kwingine mtu mzima anamwambia mtoto, "Mpige huyo, bado anahema"?

Basi likizo ile, kila asubuhi, chumba chao cha ghorofani kilikuwa kikitikisika. Wauzaji wa vibanda vya chini walisema kule juu hakufundishwi sanaa, kunafundishwa ngumi. Bi Udongo akawa anachungulia dirishani na kuwajibu, "Mngepigwa hivi utotoni, na nyinyi mngekuwa na umbo!" Wote wanacheka, biashara inaendelea.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa mdomo na laini wa moyo. Duniani alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma. Wazazi wao walipofariki, Chuma ndiye aliyekuwa baba na ndiye aliyekuwa mama. Alimpikia, alimsuka nywele vibaya mpaka wenzake wakamcheka, akamsomesha. Mkono wake wa kushoto, ambao ndio wa kazi, ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na mashine ya kukatia vyuma, alipokuwa anajikamua ili mdogo wake asifukuzwe shule. Kila Bi Udongo akiutazama mkono ule alijua kwamba vidole viwili vya mtu viko ndani ya elimu yake, na alimpenda kaka yake kwa mapenzi ya kuogopesha.

Kazi za darasani zilikwenda kwa hatua mbili. Kwanza kila mtoto peke yake, nyuma ya kipande cha katoni, asichungulie cha mwenzake. Mwalimu naye hakuchungulia, kwa sababu alisema jicho la mwalimu likitua kwenye kazi ya mtoto, mkono wa mtoto unaanza kuomba ruhusa. Hatua ya pili ndiyo ya wote: katoni zinaondolewa, kazi zinaunganishwa kuwa kitu kimoja kikubwa, na hapo ruksa kusaidiana, kusahihishana, hata kugombana kidogo. Sheria ilikuwa moja. "Tengeneza ulichokiona," alikuwa akiwaambia. "Usitengeneze unachokijua. Najua unajua mbuzi ana miguu minne. Kama wewe umeona mitatu, nipe mitatu yangu, usinidanganye."

Likizo ile wazee wa soko walikuwa wameomba vigae vya kupamba lango. Bi Udongo akawapa watoto mada: Mtaa Wetu. Alitarajia paka, ndoo, mwavuli wa muuza matunda, na mama zao wakibishana bei.

Siku ya kuondoa katoni, vigae vibichi vililazwa sakafuni. Mtoto aliyeitwa Mdomo, binti wa muuza ndoo, na jina alilistahili, ndiye aliyeanza kupiga kelele. "Jamani! Mguu wangu unaingia kwenye suruali ya Twiga!" Twiga, mrefu kuliko wote, akasogeza kigae chake, kweli mguu ukaingia. Mwingine akasogeza bega likapata shingo. Wakawa wanavisukuma huku wanacheka, kama watu wanaocheza dhumna, na vigae vikawa vinashikana kimoja baada ya kingine. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha.

Sakafuni palikuwa na mtu anapigwa. Alikuwa amelala ubavu, shati limevutwa mpaka kichwani, kiatu kimoja hana. Palikuwa na miguu mingi sana. Palikuwa na mwanamke ameinua kiti. Palikuwa na mwanamume ameshika mkate kwapani, usimchafukie, huku anapiga teke. Na kwenye vigae vitano, vya watoto watano tofauti, palikuwa na mkono wenye vidole vitatu umeshika nondo: hapa unapanda, pale umefika juu, pale unashuka, pale umeshashuka. Uso wa mwenye mkono haukuwepo popote.

Bi Udongo akavihesabu vile vidole, akavihesabu tena.

Hakuna mtaani aliyeisahau siku ile, ingawa wote walisema wameisahau. Fundi Simu, aliyekuwa na kibanda chini ya dirisha lile lile, alikokotwa nje kwa kelele za "Mwizi! Mwizi!" Ilisemekana ameiba simu ya mteja. Walimpiga mpaka akaacha kuomba, wakaendelea kumpiga mpaka akaacha kila kitu. Polisi walipokuja kuuliza, mtaa mzima ulikuwa safarini. Muuza ndoo hakuwepo, muuza matunda hakuwepo, wazee wa soko hawakuwepo. Hata Chuma hakuwepo. Alikuwa na kazi ya geti upande wa pili wa mji. Ukiwasikiliza ungedhani yule maskini alijipiga mwenyewe.

Saa ile Bi Udongo alikuwa darasani. Madirisha yake ni ya vibao vilivyolala kimoja juu ya kingine. Ukivuta kipini vinajifunga vyote. Alikivuta, akaviona vimefungwa, akapiga kelele watoto watoke dirishani, halafu akamkamata mtoto mmoja, akamfunika uso kwa aproni yake yenye kifungo kikubwa na kumbana kifuani kwa nguvu zote. Mtoto huyo alikuwa binti wa Fundi Simu. Kwa kumshika yule, aliwapa wenzake mgongo. Na vibao vya zamani vimepinda jamani, kila kimoja kina ufa wake, na kila mtoto alipata ufa wa urefu wake. Kosa la Bi Udongo lilikuwa hilo. Aliamini kwamba dirisha likifungwa, macho nayo yamefungwa.

Binti yule walikuwa wakimwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa haishi kuongea. Tangu siku ile aliongea kwa kichwa tu, kutikisa na kuitikia. Sasa alikuwa amesimama mbele ya vigae, ameshika chake. Juu yake palikuwa na kitambaa kitupu: nyuzi zinakwenda huku na huku, na kifungo kimoja kikubwa katikati.

"Hicho nini, gunia?" Mdomo akauliza.

"Ndicho nilichokiona," Chiriku akasema, na wote wakageuka kwa kusikia sauti yake. Akakiweka kwenye nafasi iliyobaki wazi. Kisha akainama kumtazama mtu wa shati kichwani.

Bi Udongo akatupa turubai juu ya vigae vyote. "Basi! Somo limekwisha. Kanaweni mikono."

"Mwalimu, acha nione."

"Wewe bado mdogo, mwanangu. Kanawe."

Jioni Chuma akapanda ngazi akipiga mluzi, utepe wa kupimia shingoni. Yeye ndiye angetengeneza fremu ya chuma ya kushikilia vigae. "Mdogo wangu, hujambo? Mbona umenuna hivyo, wamekuvunjia nini leo?" Hakungoja jibu. Akafunua turubai apime.

Mluzi ukakatika. Akazunguka vile vigae polepole, mara mbili.

"Nani amewaambia hawa watoto?"

"Hakuna aliyewaambia, Kaka. Waliona."

"Wataonaje na wewe ulifunga madirisha?"

Bi Udongo akamtazama. "Nani amekwambia nilifunga madirisha? Si ulikuwa kwenye kazi ya geti?"

Mwanamume yule mwenye mwili wa mlango akakaa chini kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. "Nilikuona kutoka chini," alisema. "Nikashukuru Mungu. Nikasema, afadhali amefunga, asinione." Akajifuta uso kwa ule mkono. "Simu ilikuwa yangu. Niliikuta jioni ile ile, ndani ya sanduku langu la vifaa, chini ya spana. Mimi mwenyewe niliiweka."

"Loo! Kaka!"

"Unataka nifanyeje? Nikifungwa, atafufuka?" Akasimama, sauti ikawa nzito. "Kila siku unawaimbia watoto, udongo uwahi ungali maji. Haya, na wewe wahi. Dole gumba tu, mdogo wangu. Bonyeza hapo, hapo na hapo, nimekwisha."

"Siwezi."

Akamshika shingo kwa nyuma, si kwa kumbembeleza, akamsukuma mpaka akapiga magoti sakafuni. Kisha vidole vitatu vikapanda kichwani mwake, pale pale vilipokuwa vikihangaika na nywele zake alipokuwa mdogo. "Mimi nilikufanyia vingapi?" alimuuliza, na alikuwa analia.

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Bi Udongo akabonyeza. Udongo haubishi, mkono wa kwanza ukasambaa kama haukuwepo, ukafuata wa pili, mpaka yote mitano. Alipomaliza alikwenda kutapika kwenye ndoo ya kunawia.

Asubuhi madirisha yalikuwa yamefungwa, naye alikuwa ameshatayarisha uongo wake. Paka ameingia, kakanyaga.

Mdomo akachuchumaa, akaingiza dole gumba lake kwenye shimo. Likapwaya. "Mwalimu, paka wako ana dole gumba!" Watoto wakaangua kicheko, na hakuna aliyewaza zaidi ya hapo, kwa sababu walimwamini. "Usijali, Mwalimu," Mdomo akamfariji, akimpigapiga mgongoni kama mtu mzima. "Tunakumbuka."

Wakaanza kuubamiza udongo. Na kwa kuwa sasa ilikuwa hatua ya pili, hapakuwa na katoni. Walisaidiana, kama alivyowafundisha mwenyewe. Huyu anasema nondo ilikuwa nene zaidi. Yule anasema, hapana, alikuwa na kovu hapa juu ya kiwiko, ulisahau. Mwingine akakumbuka mkono wa shati ulivyokunjwa. Kile ambacho kila mmoja alikitengeneza nusu nusu nyuma ya katoni, sasa kilikuwa kinakamilika mbele ya macho ya Bi Udongo, na mkono ukawa mzuri kuliko ule alioufuta. Mzuri! Kwa kazi ya watoto, hakuwahi kuona mkono uliokaa sawa namna ile. Alitamani kulia na alitamani kuwapa alama.

Twiga peke yake hakuwa anafanya kitu. Alikuwa anazungusha kidonge cha udongo viganjani.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi niliona mpaka uso. Sikuuweka."

"Kwa nini hukuuweka?"

Twiga akatazama vidole vya miguu yake. "Niliogopa utanichukia."

Kumbe walijua mkono ni wa nani. Siku zote zile walijua, wakamwachia ule mkono bila uso ili yeye asiumie. Watoto! Bi Udongo akaona aibu iliyomchoma kuliko tanuri. Nyuma ya Twiga alimwona Chiriku amekaa kwenye benchi la mwisho, mikono mapajani, anangoja kama mtu aliyezoea kuambiwa bado.

"Uliuona kweli?"

"Niliuona."

"Basi weka," Bi Udongo akasema. "Weka, usinidanganye."

Uso ulikuwa umekwisha, hata mikunjo ya paji la uso ipo, Chuma alipoingia na fremu begani. Aliahidi kuileta asubuhi, naye alikuwa mtu wa ahadi. "Haya, wasanii, sogeeni, mzigo huo," akasema kwa uchangamfu, akaishusha. Kisha akauona uso wake unamtazama kutoka sakafuni, meno nje.

Alichukua nondo moja iliyobaki kwenye fremu bila hata kuitazama. Pigo la kwanza lilitua kwenye vigae. La pili likapasua rafu ya vyungu vya mwaka uliopita, vikavu, vikaruka kama risasi na kumkata Mdomo shavuni. "Nani! Nani kaufinyanga huu!" alinguruma. Akamkamata Twiga kwa ukosi, akamwinua miguu ikaning'inia. "Wewe? Utatengeneza tena? Nitakuvunja mikono yote miwili, uone utatengeneza na nini!"

Mdomo, damu inamchuruzika mpaka kidevuni, akajitupa chini akamng'ata Chuma nyama ya mguu, akang'ang'ania. Chuma akampiga teke, mtoto akagonga ukuta. Twiga akaanguka. Nondo ikapanda.

Bi Udongo akaingia katikati.

Sauti ya mfupa ukivunjika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkono wake wa kulia ukalegea, ukaning'inia upande usio wake. Maumivu yalichelewa kidogo, na katika kuchelewa huko alimtazama kaka yake machoni na akaona ndiyo macho ambayo Twiga ameyafinyanga. Yalikuwa sawa kabisa. Hakumwogopa tena. Alimwonea huruma, na alimchukia, na bado alimpenda, vyote kwa pamoja.

"Toka hapo, mdogo wangu," Chuma akasema, anahema. "Toka nisije nikakuua."

"Utaniua, Kaka. Lakini safari hii madirisha hayafungwi."

Akarudi nyuma mpaka dirishani, na kwa mkono wa kushoto akavuta kipini. Vibao vyote vikafunguka kwa mlio. Akavuta cha dirisha la pili. Mwanga ukaingia mpaka kwenye pembe. Chini, mtaa ule ambao siku ile haukuwepo ulikuwepo wote: muuza ndoo, muuza matunda, mtu wa mkate, wote vichwa juu.

"Tazameni!" aliwapigia kelele wale wa chini. Kisha akawageukia wa ndani, na hapo sauti yake ikawa ile ya darasani. "Na nyinyi watoto, tazameni. Vizuri."

Watoto hawakukimbia. Mmoja alijikojolea, lakini walifanya walichofundishwa. Walisimama na kutazama. Waliinamisha vichwa upande kidogo, wakakaza macho, wakapima: nondo imefika wapi, kiwiko kimekunjwa vipi, mdomo uko wazi kiasi gani.

"Acheni kunitazama!" Chuma akapiga kelele. Aligeuka huku akakuta macho, akageuka kule akakuta macho. Huko chini sauti ya mama yake Mdomo ikapaa, "Mwanangu! Ana damu usoni! Chuma, umemfanya nini mwanangu?" na nyayo nyingi zikaanza kupanda ngazi. Chuma akazisikia. Alizijua nyayo za namna ile, alikuwa ameziongoza. Nondo ikamtoka mkononi. Akakaa chini katikati ya vipande vya uso wake, akafunika kichwa kwa mikono, kama mtu aliyevutwa shati usoni.

Bi Udongo akajiburuta hadi mlangoni, akasimama pale na mkono wake uliovunjika, akawazuia. "Hapigwi mtu hapa," akawaambia. "Mmoja aende kuita polisi. Wengine mbaki mseme mlichokiona. Leo mlikuwepo."

Hakuna aliyepita. Mtu wa mkate ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama chini.

Hapo Chiriku akatoka chini ya meza, alikojificha vyungu vilipopasuka. Akatembea juu ya vigae vilivyovunjika, akaja kusimama mbele ya Chuma. Bi Udongo aliona, na mwili wake ukataka kufanya ulichozoea. Aproni ilikuwepo. Mkono mzima ulikuwepo. Hatua moja tu, amgeuze, ambane kifuani.

Hakwenda.

Chiriku aliutazama ule mkono wa vidole vitatu muda mrefu. Akatazama nondo, ilipolala. Akatazama kichwa kilichoinama, mpaka Chuma mwenyewe akainua macho, akashindwa, akayashusha tena. Kisha mtoto akaenda kwenye pipa, akachota udongo kwa mikono miwili, donge kubwa kuliko uwezo wake. Akaliinua juu ya kichwa, akalibamiza mezani, pa! Akaligeuza, akalibamiza tena.

"Nipeni nafasi," akasema. "Sasa na mimi nimeona."